Lami ya Kasindi, Beni na Butembo: Barabara na Watu wa Kando Yake

Ushoroba ni neno ambalo wataalamu wa uchukuzi hulitumia kwa ukanda mrefu wa ardhi unaofuata barabara kuu au reli, pamoja na miji, masoko, maghala, vituo vya forodha na mashamba yanayoishi kwa kuitegemea njia hiyo. Neno hilo husikika zaidi katika habari za Mombasa, Dar es Salaam na Kampala kuliko katika habari za Kivu ya Kaskazini, ingawa ni vigumu kuona eneo la Afrika Mashariki ambalo maisha yake yamefungamana na barabara kuliko Beni na Butembo, miji miwili iliyoachana kwa kilomita 54 karibu kabisa na mstari wa ikweta, isiyo na reli wala bandari. Simenti, mabati, chumvi, dawa, pikipiki, vitenge na petroli huingia kwa barabara; kahawa, kakao, mbao, viazi, maharagi na makaa hutoka kwa barabara hiyo hiyo, na siku malori yanapokwama katika tope, bei ya chumvi sokoni hubadilika kabla ya habari za redio.

Barabara mbili za taifa hukutana Beni. Barabara ya Taifa namba 2 hutoka Bukavu na Goma, hupita Rutshuru, Kanyabayonga, Lubero na Butembo, kisha huteremka hadi Beni. Barabara ya Taifa namba 4 hutoka Kisangani, hukata msitu wa Ituri kwa kupitia Nia-Nia, Mambasa na Komanda, hushuka Eringeti na Oicha hadi Beni, na kutoka hapo hugeukia mashariki mwendo wa kilomita 80 hadi Kasindi kwenye mpaka wa Uganda. Anayetoka Butembo, mji wa vilima na baridi uliojengwa kwenye kimo cha zaidi ya mita 1,700, hupita Maboya na Kalunguta akishuka hadi kwenye joto la Beni, katika nchi ya kakao na michikichi. Akiendelea kuelekea mpakani, huvuka mto Semuliki, hukata kipande cha Hifadhi ya Taifa ya Virunga, huipita Bulongo na Lume huku milima ya Rwenzori ikiwa upande wake wa kushoto, na mwisho hufika Kasindi-Lubiriha, kituo kilichopewa jina la mto mdogo unaotenganisha nchi mbili.

Kwa miongo mingi safari hiyo yote ilikuwa ya udongo. Mwaka 2019 serikali za Kongo na Uganda zilikubaliana kushirikiana kuitia lami, na tarehe 16 Juni 2021 Marais Félix Tshisekedi na Yoweri Museveni walikutana mpakani, kati ya Mpondwe na Kasindi, kuzindua mradi wenye vipande vitatu: Kasindi hadi Beni kilomita 80, Beni hadi Butembo kilomita 54, na mbali kusini, Bunagana kupitia Rutshuru hadi Goma kilomita 89, yaani kilomita 223 kwa jumla. Gharama iliyotangazwa ilikuwa takriban dola milioni 335 za Kimarekani, na kazi ikapewa kampuni ya Uganda iitwayo Dott Services. Mpango wa fedha ulikuwa kwamba Uganda ichangie karibu asilimia 20, Kongo ichangie sehemu kama hiyo, na kiasi kikubwa kilichobaki kitafutwe na mkandarasi mwenyewe, kisha kirudishwe pole pole kwa ada itakayotozwa magari yanayopita, ada ambayo watu wa Kivu huiita peaje. Ni jambo lisilo la kawaida kwa nchi moja kutoa kodi ya wananchi wake ili kujenga barabara ndani ya nchi jirani, na bungeni Kampala jambo hilo lilizua maswali. Jibu la serikali ya Uganda lilikuwa kwamba Kongo ni miongoni mwa masoko makubwa ya bidhaa zake, na kwamba lori likikwama upande wa pili wa mpaka, hasara huingia pia upande huu.

Barabara iliyokusudiwa ni ya njia mbili tu, moja ya kwenda na moja ya kurudi. Haifanani hata kidogo na ile ya Nairobi hadi Thika, iliyojengwa kati ya 2009 na 2012 kwa urefu wa takriban kilomita 50 na kupanuliwa hadi njia nane katika baadhi ya sehemu, wala na ile inayoizunguka Kampala upande wa kaskazini, ambayo ilifunguliwa 2009 na baada ya miaka michache ikahitaji kuongezwa upana. Katika miji hiyo barabara ilipanuliwa kwa sababu mji ulikwisha kufurika, na kila mpangaji wa miji anajua kisa cha Houston huko Marekani, ambako njia ya Katy ilipanuliwa hadi kupita njia 20 na bado msongamano ukarudi, kwa kuwa nafasi mpya ya barabara huwaita wenye magari ambao zamani walikuwa wakibaki nyumbani. Beni na Butembo hazijafikia hapo. Hata hivyo kanuni ya msingi ni ile ile, kwamba barabara bora hubadilisha mahali ambapo watu wanataka kulala, kulima na kuuza, na mabadiliko hayo huanza siku mashine ya kwanza inapoonekana, wakati mwingine hata kabla yake.

Ili kuelewa kinachobadilika, inafaa kurudi nyuma. Butembo ilianza kukua mwishoni mwa miaka ya 1920 karibu na kambi ya kampuni ya madini ya Kibelgiji iliyojulikana kwa kifupi kama MGL, na barabara za kwanza za gari zilifuata mahitaji ya kampuni, mashamba ya kahawa na maofisa wa utawala. Zilichimbwa kwa mikono ya wenyeji walioletwa na machifu wao kwa amri, na baada ya kuchimbwa zilitunzwa na watu waliojulikana kama makantonie, yaani wafanyakazi waliopangiwa kila mmoja kipande chake cha barabara, wakiishi kando yake na jembe, koleo na toroli, kazi yao kuu ikiwa kuzibua mitaro na kujaza mashimo kabla hayajawa mahandaki. Utaratibu huo ulionekana duni, lakini uliifanya barabara ya udongo ipitike mwaka mzima katika nchi yenye misimu miwili ya mvua. Baada ya uhuru majukumu yalikabidhiwa Office des Routes, shirika la serikali la barabara lililoundwa mwanzoni mwa miaka ya 1970, huku wananchi wakiitwa kila wiki kwenye salongo, kazi ya pamoja ya lazima iliyoenezwa na utawala wa Mobutu. Mishahara ya makantonie ilipokoma kufika, mitaro ilijaa, maji yakahamia katikati ya barabara, na barabara ikaanza kuwa mto. Kongo nzima ina takriban kilomita 58,000 za barabara zinazohesabiwa kuwa za manufaa ya taifa na majimbo, na kati ya hizo zenye lami ni kilomita elfu chache tu. Beni na Butembo, kama sehemu nyingi za mashariki, zilikuwa nje ya hesabu hiyo ndogo.

Hapo ndipo historia ya eneo hili inapotofautiana na ya majirani zake. Serikali ilipoishiwa nguvu, barabara haikuachwa ife, kwa kuwa wafanyabiashara wa Kinande, yaani Wanande wenyeji wa eneo hili, ambao tangu miaka ya 1970 walikuwa wakipeleka mboga na maharagi Kisangani na dhahabu na kahawa mpakani, na baadaye wakaanza kusafiri hadi Dubai, Jakarta na Guangzhou kununua bidhaa, hawakuwa na namna nyingine ya kufikisha makontena yao mjini. Kanisa Katoliki liliwasukuma pia. Askofu Emmanuel Kataliko, aliyeliongoza jimbo la Butembo-Beni tangu 1966 hadi 1997 kabla ya kuhamishiwa Bukavu, alihubiri kwamba shule, zahanati na barabara havitashuka kutoka Kinshasa, na aliwahimiza waumini na matajiri kuchanga na kushika majembe. Vita vilipoanza 1998, na eneo hili likaangukia mikononi mwa kundi la waasi la RCD-K/ML chini ya Mbusa Nyamwisi, utaratibu wa kuchangia uligeuka kuwa serikali ya aina yake: wafanyabiashara, kupitia shirikisho lao la FEC, walijadiliana na wenye bunduki kuhusu kodi ya mpakani, na sehemu ya mapato yaliyokusanywa kwenye vizuizi vya barabarani ikatumika kununua mafuta ya katapila na kulipa vibarua.

Kizuizi hicho huitwa bariyeri. Kwa macho ni kitu kidogo: mti mrefu wa mkaratusi au bomba la chuma lililolazwa kuvuka barabara, jiwe limefungwa upande mmoja ili ncha ya pili inyanyuke kwa urahisi, kamba mkononi mwa kijana aliyekaa kwenye benchi chini ya turubai, na meza yenye daftari na kitabu cha risiti. Dereva wa Fuso hushuka, huongea, hulipa, kamba hulegezwa. Kinachofanya bariyeri iwe muhimu ni swali la mahali fedha zinapokwenda, kwa maana wananchi wa Butembo wamezoea kuzigawa bariyeri katika makundi mawili, zile ambazo baada yake barabara hutengenezwa na zile ambazo baada yake barabara hubaki ile ile. Watafiti waliokaa Butembo, akiwemo Timothy Raeymaekers ambaye kitabu chake kuhusu wafanyabiashara hao kilichapishwa 2014, wamelitazama jambo hilo kama mkataba usioandikwa kati ya mwenye mali, mwenye silaha na mwananchi. Dereva aliyelipa mara tano kati ya Kasindi na Butembo angeweza kuueleza mkataba huo kwa maneno machache zaidi na makali zaidi.

Lami inakuja kuubadilisha mkataba huo, na hapa ndipo mradi mpya unapostahili kutazamwa kwa makini kuliko sherehe zake. Chini ya utaratibu wa zamani, aliyelipa alimfahamu aliyepokea, na kama mashimo hayakuzibwa, wafanyabiashara waliweza kukutana na kugoma. Chini ya utaratibu wa peaje, malipo huwekwa na mkataba kati ya serikali na mwekezaji, hudumu kwa miaka mingi, na huingia katika hesabu ambazo muuza viazi wa Maboya hawezi kuziona. Tangu 2008 Kongo ina mfuko wa taifa wa matengenezo ya barabara, FONER, unaopata fedha kutokana na ada ya petroli na peaje, na malalamiko kwamba fedha zinazokusanywa kwenye barabara fulani hazionekani kwenye barabara hiyo hiyo yameenea nchi nzima. Lami inaweza kabisa kuwa nafuu kwa wote, kwa kuwa lori linalosafiri kwa saa chache badala ya siku mbili huokoa mafuta, springi na matairi kwa kiasi kinachozidi ada yoyote ya haki. Lakini nafuu hiyo humfikia kwanza mwenye lori. Humfikia mama anayebeba ndizi kwa pikipiki ikiwa tu nauli itashuka, na nauli hupanda haraka kuliko inavyoshuka.

Ni vyema pia kueleza lami yenyewe ni nini, kwa sababu wengi huihesabu kama ngozi nyeusi inayomwagwa juu ya udongo. Barabara ya lami ni mkate wa tabaka: udongo wa asili hukatwa na kushindiliwa, juu yake huwekwa tabaka la changarawe iliyochaguliwa, kisha tabaka la msingi la kokoto au udongo uliochanganywa na simenti, na mwisho lami, ambayo kazi yake kubwa ni kuzuia maji yasipenye kwenda chini. Maji yakipenya, msingi hulegea, na hakuna unene wa lami utakaouokoa. Ndiyo sababu kipimo cha uaminifu wa mkandarasi katika nchi ya milima kama hii hakiko katikati ya barabara. Kiko pembeni, kwenye mitaro na makalvati, yaani mabomba au vijia vya zege vinavyopitisha maji chini ya barabara kutoka upande wa mlima hadi upande wa bonde. Udongo wa vilima vya Butembo ni mwekundu, mzito, unaonata kama ugali ukilowa na kupasuka ukikauka, na maji ya mvua yakielekezwa vibaya huweza kuchimba korongo linalomeza nyumba katika msimu mmoja.

Adui wa pili ni uzito. Majaribio yaliyofanywa Marekani mwishoni mwa miaka ya 1950, katika jimbo la Illinois, yalionyesha kwamba madhara ya ekseli kwa barabara hayaongezeki sambamba na uzito wake. Huongezeka takriban kwa kipeo cha nne, maana yake ekseli yenye uzito mara mbili huumiza barabara mara 16. Lori moja lililojazwa mbao kupita kiasi linaweza kufanya uharibifu ambao maelfu ya magari madogo hayaufanyi. Jumuiya ya Afrika Mashariki, ambayo Kongo ilitia saini mkataba wa kujiunga nayo tarehe 8 Aprili 2022, ina sheria ya pamoja inayoweka kikomo cha tani 56 kwa lori zima na tani 10 kwa ekseli moja yenye matairi manne, na mizani ya kupimia magari imewekwa kando ya barabara kutoka Mombasa hadi magharibi mwa Uganda. Mizani ikikoma Mpondwe, lami ya Kasindi italipa gharama.

Mpondwe na Kasindi ni pacha wasiofanana. Uganda magari hupita kushoto, Kongo hupita kulia, kwa hiyo kila dereva anayevuka daraja la Lubiriha hulazimika kubadilisha upande wa barabara katika umbali wa mita chache, mara nyingi akiwa ndani ya gari ambalo usukani wake umebaki kulia kwa kuwa lilinunuliwa kupitia Mombasa. Akitaka kulipita lori lililo mbele yake, kondakta aliyekaa kushoto ndiye humchungulilia njia. Saa nazo hutofautiana: saa mbili asubuhi ya Kasindi ni saa tatu ya Mpondwe. Kinachofanana ni watu, kwa kuwa Wanande wa Kongo na Wakonzo wa Uganda wana lugha zinazosikilizana, koo zinazojuana na majina yanayofanana, na soko la mpakani limekuwako kabla ya mpaka wenyewe. Wengi wa wanaovuka hawana lori. Ni wanawake wenye mizigo ya kichwani, vijana wa pikipiki, na walemavu wenye baiskeli za magurudumu matatu ambao kwa miaka mingi wamejitafutia riziki kwa kuvusha bidhaa. Kwao kuongezeka kwa mwendo wa malori kuna maana tofauti na ile inayosomwa katika ripoti za biashara.

Suala lililo gumu kuliko yote ni la ardhi ya kando. Kisheria, tangu sheria ya tarehe 20 Julai 1973, ardhi yote ya Kongo ni mali ya dola, na mwananchi hupata haki ya kuitumia tu. Katika maisha ya kila siku, hasa nje ya mipaka ya miji, ardhi hutolewa na mwami, yaani chifu, na wakuu wa koo, na mkulima huithibitisha kwa kulipa mrabaha na kwa ushahidi wa majirani. Barabara kuu ina eneo lake la hifadhi kila upande ambalo halipaswi kujengwa, lakini kwa miaka ambayo barabara ilikuwa tope na serikali ilikuwa mbali, eneo hilo lilijaa vibanda, maduka, vituo vya petroli, makanisa, stendi za waendesha pikipiki na nyumba za matofali ya kuchoma. Sheria ya tarehe 22 Februari 1977 kuhusu kutwaa mali kwa manufaa ya umma inataka fidia ya haki ilipwe kabla mtu hajaondolewa. Aliye na hati anaweza kuidai. Aliyejenga ndani ya hifadhi ya barabara huambiwa kwamba hana cha kudai, hata kama aliuziwa kiwanja hicho na mtu aliyekuwa na muhuri, na hata kama amekilipia ushuru wa komuni kwa miaka kumi. Kusema kweli, lawama ya kujenga mahali pasiporuhusiwa ni ya kugawana, na sehemu kubwa ingestahili kwenda kwa waliouza.

Wakati huo huo, viwanja vilivyo nyuma ya mstari wa kwanza hupanda thamani. Hivyo ndivyo kitongoji cha barabarani kinavyozaliwa: tajiri wa mjini hununua shamba la mihogo au kahawa kando ya njia, hulizungushia ukuta, hujenga ghala na nyumba ya kupangisha, mkulima huchukua fedha na kusogea bondeni, umbali wa saa moja kwa miguu, na baada ya miaka michache vijiji vya barabarani hushikana, mji ukawa mrefu na mwembamba kama mkia. Kati ya Butembo na Beni dalili za kuungana huko zinaonekana pande zote mbili, ingawa hakuna anayeweza kutaja idadi ya watu kwa uhakika, kwa kuwa sensa ya mwisho ya nchi nzima ilifanyika 1984 na takwimu zote zinazotolewa tangu hapo ni makisio. Vita vimeharakisha mambo. Maelfu ya watu waliokimbia mashambulizi vijijini wamejipanga karibu na barabara, kwa imani kwamba penye magari mengi pana usalama kidogo.

Imani hiyo si ya bure, wala si ya kutegemewa. Kundi la ADF, lenye asili ya Uganda na ambalo tangu Oktoba 2014 limehusishwa na mauaji ya kutisha ya raia katika eneo la Beni, limevamia magari mara kwa mara kwenye njia za Oicha, Kasindi na Butembo, kiasi kwamba kuna nyakati ambapo magari yalisubiri kusindikizwa na jeshi kwa msafara. Kwenye mto Semuliki, kando ya barabara ya Mbau kwenda Kamango, wanajeshi wa Tanzania wasiopungua 14 waliokuwa katika kikosi cha Umoja wa Mataifa waliuawa katika shambulio moja tarehe 7 Desemba 2017. Tangu tarehe 30 Novemba 2021 majeshi ya Uganda na Kongo yamekuwa katika operesheni ya pamoja iitwayo Shujaa, na moja ya kazi zilizotajwa wazi ni kulinda ujenzi wa barabara. Wengine waliliona jambo hilo kwa jicho la mashaka, kwa kuwa kumbukumbu ya majeshi ya Uganda yaliyoingia Kongo wakati wa vita vya 1998 hadi 2003 bado ni mbichi. Tarehe 9 Februari 2022 Mahakama ya Kimataifa ya Haki iliiamuru Uganda iilipe Kongo dola milioni 325 kwa madhara ya kipindi hicho, kiasi ambacho, kwa sadfa ya ajabu, kinakaribiana sana na gharama ya barabara zote tatu.

Kipande cha tatu, cha Bunagana, kilisimama kabla hakijaenda mbali: waasi wa M23 waliuteka mji huo wa mpakani tarehe 13 Juni 2022. Mapigano yaliposogea kaskazini na Kanyabayonga ikaanguka mwishoni mwa Juni 2024, Barabara ya Taifa namba 2 ilikatika kati ya Butembo na Goma kwa biashara ya kawaida, na Januari 2025 Goma yenyewe ikatekwa. Viazi na vitunguu vya Lubero, ambavyo zamani vilishuka kusini kwenda kulisha Goma, vilibaki kutafuta wanunuzi kaskazini. Bidhaa zilizozoea kuingia kwa njia ya Goma zikahamia Kasindi. Kwa hiyo mradi uliobuniwa kama matawi matatu ya mti mmoja umebaki na matawi mawili yanayobeba uzito wa mti mzima, nayo kazi ya lami imekuwa ikisonga kwa vipande, kipande kimeiva na kinachofuata bado ni vumbi, hivi kwamba gari hukimbia dakika chache na kisha kutambaa.

Mjini, barabara hii hii hubadilisha jina na mwenyewe. Nje ya mji ni Barabara ya Taifa, chini ya Office des Routes; ikivuka mpaka wa mji huwa barabara ya mtaa, kama ile iitwayo Boulevard Nyamwisi katika Beni, na matengenezo ya barabara za mjini pamoja na mifereji yake ni kazi ya OVD, shirika jingine kabisa, huku usafi ukiwa wa komuni na ushuru wa meza za wauzaji ukiwa wa soko. Lori halioni mpaka huo, wala maji. Maji yanayoteremka kwenye mtaro wa zege wa shirika moja hufika kwenye mtaro uliozibwa na mifuko ya plastiki wa shirika jingine, hupanda juu ya lami na kuingia madukani. Kila mlango wa duka ulio kando ya barabara mpya una daraja lake dogo la mbao juu ya mtaro, mbao mbili au tatu za mwenye duka mwenyewe, na chini ya daraja hilo ndipo taka hunasa kwanza. Mwenye duka akizibua sehemu yake peke yake, uchafu humfikia jirani wa chini. Wasipozibua wote, maji humrudia. Katika vitongoji vingine vya Butembo wakazi wamerudia salongo ya Jumamosi kwa ajili ya mitaro, bila amri ya mtu, kila nyumba ikitoa mtu mmoja na koleo, na kipande cha kila nyumba kikipimwa kwa hatua kutoka mlango hadi mlango, karibu kabisa na vile makantonie walivyopimiwa.